Kizazi Si Cheo: Sefalosporini Zinatibu Nini, na Madhara Yake Yanatoka Wapi

Kuna imani moja inayowasumbua wagonjwa na watoa dawa vilevile: kwamba antibiotiki ya kizazi cha tatu ina nguvu kuliko ya kizazi cha kwanza, kama vile darasa la tatu lilivyo juu ya la kwanza. Mgonjwa akiandikiwa vidonge vya sefaleksini huondoka akihisi amepunjwa. Mwenzake aliyechomwa sindano ya seftriaksoni ndiye anayeonekana ametibiwa kweli. Imani hiyo ni potofu, tena ina gharama. Wapo wagonjwa wengi ambao vijidudu vyao vinauawa vizuri zaidi na dawa ya kizazi cha kwanza. Ukiwapa ya tatu, umewapa dawa hafifu kwa ugonjwa wao, ukawaongezea na madhara ambayo hawakuyahitaji.

Sefalosporini ni ukoo mkubwa wa antibiotiki. Kwenye boksi utazitambua kwa herufi za mwanzo, cef au ceph. Hapa nitaziandika jinsi tunavyozitamka. Zipo za kumeza, zipo za sindano ya msuli, zipo za mshipa. Ili kuelewa kwa nini moja inatibu jipu na nyingine homa ya uti wa mgongo, na kwa nini moja inaharisha na nyingine inaweza kumchanganya mtu akili, itabidi tuichungulie molekuli yenyewe. Hakuna haja ya kuogopa kemia: molekuli hiyo ina sehemu tatu tu zinazotuhusu, yaani pete moja na mikono miwili.

Kuvu wa majitaka

Mwaka 1945, Giuseppe Brotzu, profesa wa elimu ya usafi na afya mjini Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichunguza maji ya bahari pale bomba la majitaka ya mji lilipomwaga. Alishuku kwamba ndani ya maji yale kuna kiumbe kinachowamaliza bakteria wa homa ya matumbo. Akampata kuvu, wakati huo akiitwa Cephalosporium acremonium. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1948, na sampuli ikafika Oxford, Uingereza, ambako Edward Abraham na Guy Newton walifanikiwa kuitenga sefalosporini C. Wataalamu wa kuvu baadaye walimbadilishia kiumbe huyo jina, lakini dawa zikabaki na la zamani. Brotzu mwenyewe alikuja kuwa meya wa mji wake.

Sefalosporini C haikuwa dawa kali. Thamani yake ilikuwa kwingine: kimeng'enya ambacho bakteria walikuwa wameanza kukitumia kuivunja penisilini hakikuiweza hii. Wanakemia wakaivua mikono yake, wakabaki na kiini, kisha wakaanza kukipachika mikono mipya. Mwaka 1964 ya kwanza, sefalotini, iliingia sokoni. Nyingine zilizofuata, kwa sehemu kubwa, ni kiini kilekile kilichovishwa mikono tofauti.

Pete na mikono

Pete inaitwa beta-laktamu, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye penisilini. Ni atomi nne zilizobanwa kwa nguvu, kama mtego uliokwisha kutegwa.

Bakteria wengi huishi ndani ya ukuta uliosukwa mithili ya mkeka: nyuzi ndefu za sukari, zimeshikanishwa kwa vifundo vya asidi amino. Kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kufunga vifundo hivyo kila bakteria anapokua na kugawanyika. Pete ya sefalosporini inafanana na ncha ya kifundo ambacho hakijafungwa. Kimeng'enya kinaishika kikidhani ni kazi ya kila siku, mtego unafyatuka, na dawa inanata humo moja kwa moja. Ukuta unabaki na matundu, na shinikizo la ndani linampasua bakteria. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa hizi kwa jumla ni salama kwetu, hata kwa wajawazito na wanaonyonyesha.

Hapo hapo utaona mipaka ya ukoo mzima. Virusi hawana ukuta, kwa hiyo mafua hayatibiki kwa sefalosporini, hata ile ya bei ya juu kabisa. Mikoplazma, bakteria anayeweza kusababisha nimonia, hana ukuta pia. Klamidia hujificha ndani ya seli zetu, ambako dawa hizi hazifanyi kazi ya maana.

Mkono wa kwanza ndio unaoamua dawa itawaweza bakteria gani. Kama tutakavyoona mbele, ndio huohuo unaoamua mzio. Mkono wa pili huamua zaidi mwenendo wa dawa mwilini: inakaa saa ngapi na, kwa baadhi, inagombana na pombe au inavuruga kuganda kwa damu. Ukishayajua hayo, orodha ndefu ya madhara kwenye ile karatasi ya ndani ya boksi inaanza kuwa na mantiki.

Vizazi, na kile kinachopotea njiani

Bakteria hugawanywa makundi mawili makubwa kwa rangi wanayoshika maabara. Gramu-chanya, kama stafilokoka na streptokoka wa ngozi na koo, wana ukuta mnene ulio wazi. Gramu-hasi, kama E. koli, klebsiela na salmonela, wana ukuta mwembamba, lakini nje yake wamejifunika utando wa mafuta wenye vitundu vidogo. Dawa ikitaka kuwafikia hawa wa pili lazima ipite kwenye vitundu hivyo, na ikishapita ikwepe vimeng'enya vinavyoivizia ndani.

Historia ya vizazi vya sefalosporini, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kutafuta njia ya kupita kwenye utando huo. Na kila hatua ya kuwaendea gramu-hasi ilielekea kupunguza makali dhidi ya stafilokoka. Hicho ndicho kiini cha jambo hili: vizazi ni mabadilishano. Unapata hapa, unatoa pale.

Kizazi cha kwanza ni sefaleksini na sefadroksili za kumeza, na sefazolini ya sindano. Ni mabingwa wa ngozi: majipu yenye uvimbe unaosambaa, vidonda vilivyoota usaha, streptokoka wa koo kwa mtu asiyeweza kutumia penisilini, na baadhi ya maambukizi ya njia ya mkojo. Sefazolini ndiyo dawa ya kinga inayotumiwa zaidi kabla ya upasuaji. Hutolewa ndani ya dakika 60 kabla kisu hakijagusa ngozi, ili ngozi inapopasuliwa dawa iwe imeshajaa kwenye nyama. Ikitolewa baada ya kidonda kufungwa imechelewa, na kuiendeleza kwa siku kadhaa baada ya upasuaji wa kawaida hakumwongezei mgonjwa kinga yoyote ya maana. Stafilokoka wa kawaida akiingia kwenye damu, daktari mzoefu atachagua sefazolini kabla ya seftriaksoni. Hapo cha kwanza kinamshinda cha tatu bila ubishi.

Kizazi cha pili nitakipita haraka. Sefuroksimu ndiyo maarufu, hutumika kwa maambukizi ya sikio, sinasi na mapafu. Ndugu zake sefoksitini na sefotetani zina sifa ya pekee ya kuwaua bakteria wa utumbo wasiotaka oksijeni, kwa hiyo hupendwa kwenye upasuaji wa tumbo na nyonga.

Kizazi cha tatu ndicho kilichopewa sifa zote, na kwa kiasi fulani kinazistahili. Seftriaksoni na sefotaksimu hupenya hadi kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo pale utando wake unapovimba, jambo ambalo sefazolini haiwezi kwa kiwango cha kutosha. Ndiyo maana homa ya uti wa mgongo ya bakteria hutibiwa kwa seftriaksoni, kwa mtu mzima gramu 2 kila saa 12. Seftriaksoni hutibu pia nimonia kali ya kulazwa (mara nyingi ikiongezwa dawa nyingine kwa ajili ya wale bakteria wasio na ukuta), maambukizi ya figo, homa ya matumbo, na kisonono. Inakaa mwilini muda mrefu: nusu yake huondoka kwa takribani saa 6 hadi 9, wakati nusu ya sefaleksini huondoka kwa saa moja hivi. Kwa hiyo kwa magonjwa mengi sindano moja kwa siku inatosha, na nadhani urahisi huo, zaidi ya ubora wake, ndio uliofanya itumike mno.

Sefiksimu ni ya kumeza katika kizazi hichohicho. Dhidi ya stafilokoka haifai kitu. Mtu mwenye jipu akinunua sefiksimu kwa sababu tu "ni ya tatu" amejinunulia dawa isiyomgusa adui yake.

Seftazidimu inatoa mfano mzuri zaidi wa mabadilishano. Nayo ni ya kizazi cha tatu, lakini imepata uwezo wa kumuua pseudomonasi, bakteria msumbufu wa wodini na wa vidonda vya moto, ambaye seftriaksoni haimwezi. Bei ya uwezo huo ni kwamba imepoteza sehemu kubwa ya makali dhidi ya gramu-chanya. Sefepimu ya kizazi cha nne ilijaribu kuunganisha pande zote mbili na ikafanikiwa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hutumika kwa wagonjwa mahututi na wale ambao chembe zao nyeupe za damu zimeshuka kwa matibabu ya saratani. Kisha ikaja seftarolini, ambayo wengi huiita kizazi cha tano. Hii inamuua MRSA, stafilokoka sugu anayezishinda sefalosporini za vizazi vyote vya nyuma yake, lakini pseudomonasi haimwezi. Ya tano inashindwa pale ambapo ya nne inaweza.

Siwezi kuiacha sefiderokoli, kwa sababu ujanja wake unanifurahisha. Bakteria huhitaji madini ya chuma, na hufungua milango maalumu kwenye utando wao ili kuyaingiza. Dawa hii imebeba ndoano inayoshika chuma. Bakteria anaivuta ndani mwenyewe, akidhani amepata chakula.

Hakuna kizazi ambacho unaweza kukitegemea dhidi ya bakteria aitwaye enterokoka, na karibu zote hazimwezi mwingine aitwaye listeria. Hili la listeria si la vitabuni tu. Mzee, mjamzito, mtoto mchanga, au mtu mwenye kinga dhaifu akishukiwa homa ya uti wa mgongo, ampisilini, ambayo ni ya jamii ya penisilini kama amoksilini, huongezwa pamoja na sefalosporini, kwa sababu listeria huwalenga watu hao hasa.

Tumbo kwanza

Sasa madhara. Yaliyo mengi yanatokea tumboni: kichefuchefu, tumbo kusokota, kinyesi kulainika. Utumbo wetu una bakteria wengi wema, na dawa haiwachagui. Kadiri inavyoua aina nyingi ndivyo inavyofyeka na hao. Kuhara kidogo kunakokoma dawa ikiisha si jambo la kuhofia sana. Fangasi nao hunufaika na nafasi iliyoachwa wazi: utando mweupe mdomoni, au muwasho na uchafu ukeni, wiki ileile au baada yake.

La kuogopwa ni C. difficile. Huyu ni bakteria ambaye mbegu zake zinastahimili antibiotiki, na majirani zake wakishafyekwa anajitawalia, anamwaga sumu na kuuchubua utumbo mpana. Sefalosporini za kizazi cha tatu ni miongoni mwa dawa zinazohusishwa naye zaidi. Dalili ni kuhara maji mara nyingi kwa siku, tumbo kuuma, homa, pengine damu. Linalowakosesha wengi ni muda: inaweza kuanza wiki kadhaa, hata zaidi ya miezi miwili, baada ya dozi kwisha, na mgonjwa hakumbuki tena kwamba aliwahi kutumia antibiotiki. Mtajie daktari dawa hiyo hata kama ni ya zamani, na usijipe vidonge vya kuzuia kuhara kabla hajakuona.

Mzio: asilimia 10 ambayo haikufa

Vizazi vya madaktari vimefundishwa kwamba kati ya watu 10 wenye mzio wa penisilini, mmoja atadhurika na sefalosporini pia. Takwimu hiyo ilitokana na miaka ya mwanzo, na sababu moja ni kwamba matoleo ya wakati ule yaliweza kuwa na chembe za penisilini ndani yake. Watu walikuwa wanadhurika na penisilini yenyewe. Makadirio ya sasa yako karibu na asilimia 2 au chini ya hapo.

Lakini wastani huo unaficha jambo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mwili wenye mzio unaitambua pete. Kumbe kwa sefalosporini kinachotambuliwa mara nyingi ni mkono wa kwanza. Sefaleksini na sefaklori zina mkono unaofanana na wa ampisilini. Sefadroksili ina wa amoksilini. Mtu ambaye koo lilivimba kwa amoksilini ana sababu ya kuziepuka hizo tatu. Sefazolini ina mikono isiyofanana na ya ndugu yeyote wa karibu, kwa hiyo watu wengi wenye mzio wa penisilini huivumilia. Na mtu aliyedhurika na seftriaksoni awe mwangalifu na sefotaksimu na sefepimu, kwa kuwa mkono ni uleule, hata kama vizazi ni tofauti.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba wengi wanaosema wana mzio wa penisilini hawana. Katika nchi ambako jambo hili limepimwa, takribani mtu mmoja kati ya 10 ameandikiwa kwenye faili kwamba ana mzio huo, na wakipimwa zaidi ya asilimia 90 kati yao huonekana hawana. Wengine walitapika tu. Wengine walikuwa watoto waliotoka vipele kwa sababu ya virusi waliokuwa nao, dawa ikabeba lawama. Wengine walikuwa na mzio kweli, ukafifia kwa miaka. Mtu kama huyo hunyimwa dawa nyembamba na nzuri, yaani inayoua aina chache za bakteria, akapewa pana na kali zaidi bila sababu.

Dalili za hatari zenyewe hazina utata: ndani ya dakika chache hadi saa moja baada ya dawa, midomo au uso unavimba, pumzi inabana, mwili unatoka mabaka ya kuwasha, kizunguzungu, mtu anaanguka. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali, na sindano ya adrenalini ndiyo tiba. Vipele vinavyotoka baada ya siku kadhaa bila dalili nyingine huwa si vya hatari hivyo, lakini dawa isiendelee kabla ya kuuliza. Ngozi ikianza kubabuka, au macho na mdomo vikipata vidonda pamoja na homa, ni jambo jingine kabisa: mtu huyo hatakiwi kujaribiwa tena dawa hiyo wala ndugu zake bila mtaalamu.

Sefaklori ina kisa chake cha peke yake kwa watoto. Siku kadhaa baada ya kuanza dawa mtoto hupata homa, vipele na maumivu ya viungo. Wazazi hushtuka, na wana haki. Kwa kawaida hali hiyo hutulia dawa ikikatishwa.

Mkono wa pili, figo na nyongo

Sefotetani na sefoperazoni zina kipande fulani kwenye mkono wa pili chenye mambo mawili mabaya. Kinazuia mwili kuchoma pombe ipasavyo, kwa hiyo hata glasi moja inaweza kuleta uso kuwaka, moyo kwenda mbio na kutapika. Tahadhari huendelea siku chache baada ya dozi ya mwisho. Pia kinavuruga matumizi ya vitamini K, na mtu akaanza kutoka damu kwa urahisi, hasa mzee asiyekula vizuri. Kwa sefaleksini au sefuroksimu hadithi ya pombe haina uzito huo, ingawa kunywa ukiwa na homa na antibiotiki tumboni si busara hata hivyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwa sababu antibiotiki za ukoo huu zinaweza kuongeza makali yake, na damu ipimwe mara nyingi zaidi.

Sefalosporini nyingi hutoka kwa mkojo. Figo zikichoka, dawa inarundikana. Hapa sefepimu ndiyo ya kuchunga zaidi: mgonjwa wa figo akipewa dozi ya mtu mzima mwenye afya anaweza kuchanganyikiwa, kushtuka-shtuka misuli, kupata degedege, au kukaa kimya asijibu kabla hata misuli haijaonyesha chochote. Hilo linaweza kudhaniwa ni ugonjwa umezidi, dozi ikaongezwa, ambalo ni kosa la kinyume kabisa. Ndugu wanaomwuguza mgonjwa wa aina hiyo wakiona amebadilika ghafla baada ya dawa kuanza, wamwambie muuguzi waziwazi.

Seftriaksoni hutumia njia mbili, mkojo na nyongo. Ni faida kwa mwenye figo dhaifu, kwani dozi mara nyingi haihitaji kupunguzwa. Lakini kwenye nyongo hukutana na kalsiamu, zikashikana na kufanya tope linaloonekana kwenye picha kama mawe. Mara nyingi mtu hasikii kitu, na dawa ikisimama tope huyeyuka. Wapo wanaoumwa chini ya mbavu za kulia, na kumekuwepo na watu waliokaribia kufanyiwa upasuaji wa mawe ambayo yangeondoka yenyewe.

Kalsiamu hiyohiyo kwenye mshipa ni hatari. Kwa watoto wachanga wa hadi siku 28, seftriaksoni haitakiwi kabisa ikiwa mtoto anapata au atahitaji dripu yenye kalsiamu. Vimewahi kutokea vifo ambapo chembe za dawa na kalsiamu zilikutwa kwenye mapafu na figo. Mchanga mwenye manjano naye huepushwa, kwa kuwa seftriaksoni inang'ang'ania protini za damu na kuisukuma bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, itoke humo, nayo inaweza kuingia kwenye ubongo. Sefotaksimu ndiyo huchaguliwa badala yake. Kwa wakubwa, dawa na dripu ya maji ya Ringa yenye kalsiamu havichanganywi kwenye mpira mmoja kwa wakati mmoja. Hupishanishwa na mpira husafishwa katikati. Na ile seftriaksoni inayochanganywa na ganzi ya lidokaini ili sindano ya msuli isiume haitakiwi kuingia kwenye mshipa hata tone.

Kuna dhara adimu ambalo lazima litajwe kwa sababu linaua: mwili kuanza kuzivunja chembe nyekundu za damu. Seftriaksoni ni miongoni mwa zinazolisababisha, hasa kwa mtu aliyewahi kuipata zamani. Mkojo wenye rangi ya chai nzito, weupe wa ghafla, uchovu na macho ya manjano wakati wa dawa si vya kusubiri asubuhi. Upande wa vituko visivyodhuru, sefdiniri pamoja na madini ya chuma hugeuza kinyesi kuwa chekundu kama tofali, si damu.

Usugu unavyoingia

Mwaka 1983 nchini Ujerumani walielezwa bakteria wenye vimeng'enya vinavyovunja hata sefalosporini za kizazi cha tatu, ambazo zilikuwa bado changa sokoni. Leo vimeng'enya vya kundi hilo, vinavyojulikana kwa kifupi ESBL, vimeenea duniani ndani ya E. koli na klebsiela, na vinahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine kwenye vipande vidogo vya vinasaba. Katika orodha yake ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) limewaweka bakteria wa utumbo sugu kwa kizazi cha tatu kwenye daraja la juu kabisa la hatari. Mkoani Sindh, Pakistan, tangu mwishoni mwa 2016 kumekuwa na homa ya matumbo isiyosikia seftriaksoni. Kwa kisonono, dozi yenyewe inasimulia: Marekani ilikuwa inatoa miligramu 250 za seftriaksoni, sasa ni 500, Uingereza inatoa gramu 1.

WHO pia huzigawa antibiotiki katika makundi matatu. Sefaleksini na sefazolini zimo kwenye kundi la kutumika mara kwa mara. Seftriaksoni, sefotaksimu, sefiksimu, seftazidimu na sefuroksimu zimo kwenye kundi la kuangaliwa, kwa sababu zinazalisha usugu kwa urahisi zaidi. Seftarolini na sefiderokoli ni akiba. Makundi hayo yanapanga dawa kwa tahadhari inayohitajika, na ukiyasoma vizuri utaona sefaleksini "dhaifu" ndiyo ambayo WHO ingependa daktari aianzie pale inapofaa.

Ukishaandikiwa

Sefalosporini huua kwa muda zaidi kuliko kwa wingi. Kinachotakiwa ni dawa ibaki juu ya kiwango fulani kwa sehemu kubwa ya siku, si ipande sana mara moja. Kwa hiyo ukiambiwa kila saa 6, dozi nne za asubuhi moja hazilingani na nne zilizosambazwa, na dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Vidonge vya sefuroksimu na vya sefpodoksimu huingia vizuri zaidi pamoja na chakula. Sefpodoksimu hupungua ikimezwa na dawa za kupunguza asidi tumboni. Sefaleksini haijali sana chakula. Dawa ya maji ya sefaleksini, ikishachanganywa, hukaa kwenye jokofu na hutupwa baada ya siku 14, hata kama imebaki nusu chupa.

Na kama umewahi kudhurika, usiseme tu "nina mzio wa antibiotiki". Andika mahali jina la dawa, mwaka, ilichukua dakika au siku ngapi baada ya kuitumia, nini hasa kilitokea, na kama ulihitaji kulazwa. Andika pia antibiotiki ulizotumia baada ya hapo bila shida. Daktari anayesoma kwamba ulivimba midomo nusu saa baada ya amoksilini, kisha miaka mitatu baadaye ukapewa sefazolini kwenye upasuaji na hukupata kitu, anajua ni mkono upi wa kuukwepa na upi bado ni wako kuutumia.